Sanduku la Kibwebwe Halitoki Bila Kahawa

Zuberi, ujumbe wako umenifika. Mjukuu wangu Asha kanisomea mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani amekosea kusoma. Unasema, "Bibi Riziki, kwa vile umeshastaafu, tunaomba utukabidhi lile sanduku la nguo, ni mali ya kikundi." Chini yake umeweka viganja viwili vimeunganishwa, kama mtu anayeomba dua. Viganja hivyo vingekuja vimeshika kitu, mimi nisingeandika neno.

Vimekuja vitupu, kwa hiyo naandika. Naandika kwa mkono wangu, darasa la nne la enzi zile, herufi kubwakubwa. Asha atazipiga picha karatasi hizi azitume kwenye kundi lenu, msome nyote: wewe Zuberi wa kinanda, Kasimu wa vichekesho, na wale wasichana waitikiaji ambao majina yao yote nayajua na leo siyataji, kwa kuwa sina ugomvi nao. Nawaeleza sanduku hili lilikotoka na kazi niliyoifanya nalo tangu ujana mpaka siku ile ya Idi. Mkishasoma mtaniambia kama ni mali ya kikundi.

Nilianza kazi kwa Shaibu Kibwebwe nikiwa mwanamke kijana, nimeachika, sina kitu ila cherehani ya mkono aliyonipa shangazi yangu. Shaibu alikuwa keshajulikana Ngamiani yote, hapa Tanga, kwa mchezo wake mmoja. Alikuwa akiuchukua wimbo wa taarabu ambao watu wameulilia harusini, anaacha sauti yake ileile na vituo vyake vilevile, anabadili maneno, wimbo wa mahaba unakuwa wa mbuzi aliyekula mkeka. Akipanda jukwaani hujifunga leso kiunoni kama mwanamke anayekwenda kutwanga, ndipo lilipotoka jina la Kibwebwe. Mwanamume mrefu, mwembamba, uso mkavu kama wa kadhi. Jukwaani hakuwa akicheka hata kidogo. Aliniambia, "Dada Riziki, mimi nikicheka, wao watacheka nini?"

Siku ya kwanza nilipokewa na Bi Mgeni, mwanamke wa Pemba, ndiye aliyekuwa akitunza nguo kabla yangu. Sanduku ni la kwake. Alikuja nalo kutoka kwao likiwa na nguo zake za harusi, mbao za mvule na misumari ya shaba. Nguo zilipochakaa akaweka za Shaibu. Basi hapo tayari, Zuberi, mali ya kikundi imeshaanza kuchechemea.

Bi Mgeni akanipa kanzu nyeupe, ubavu uko wazi, akaniambia shona. Nikakaa kwenye cherehani. Akanipiga kofi mkononi.

"Nani kakutuma cherehani? Hii tunapiga bandi tu, kwa mkono, uzi mmoja mrefu, mwisho hauna fundo. Shaibu akivuta hapa kwapani, kanzu yote iko chini."

"Na chini ya kanzu kuna nini?"

"Dera la maua. Sasa hebu nione mkono wako."

Nikapiga bandi. Akaivuta, ikashuka kama maji. Akaniambia nirudie, akaivuta tena. Kutwa nzima tulikuwa tukishona na kufumua kama wendawazimu. Nikamuuliza kwa nini tusitumie kitambaa cha ovyo, maadamu ni nguo ya mzaha. Alinitazama kama nimetukana wazazi.

"Sikiza, mwanangu. Nguo ya kuchekesha hushonwa kwa heshima kuliko ya bibi harusi. Ikiwa mbovu, watu watacheka umasikini wa mtu. Ikiwa nzuri, watacheka kile alichotaka wakicheke."

Nyinyi mnabana nguo kwa pini, nimewaona. Pini ikigoma, mtu anahangaika jukwaani kama kuku aliyenaswa uzi mguuni, watu wanacheka, nanyi mnadhani mmechekesha.

Jambo la pili alinifunza wiki ileile. Nilifika mchana nikamkuta anakaanga buni. Nikauliza, "Kuna wageni?"

"Wageni ni sisi. Shaibu kaugeuza wimbo wa Mzee Athumani, mpiga udi wa Makorora. Tunakwenda kumwimbia."

Hapa ndipo nataka msome polepole. Hakuna wimbo ambao Shaibu aliupandisha jukwaani kabla hajakwenda nyumbani kwa mwenye wimbo, na dele la kahawa na kijamanda cha halua, akakaa chini mkekani, akamwimbia ule uliogeuzwa machoni pake. Hakuuliza, "Unaniruhusu?" Alikuwa akiimba huku anamtazama tu. Mwenye wimbo akicheka, wimbo umepita. Asipocheka, tunakunywa kahawa, tunaulizana hali za watoto, tunaaga, na maneno yale hayasikiki tena duniani. Sisi tuliita kupeleka kahawa.

Wapenzi wa Shaibu walilijua hilo kama wanavyojua majina ya watoto wao. Kila alipoleta wimbo mpya, mtu alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye mabenchi, "Kahawa imenywewa?" Na Shaibu hujibu kwa uso wake wa kadhi, "Imenywewa, na vikombe vimerudi." Ndipo kinanda huanza. Bila jibu hilo hawasikilizi.

Mzee Athumani alicheka mpaka akapaliwa, mkewe akaja mbio na kata ya maji. Wimbo ukapita.

Wala msiniletee habari ya mipasho, kwamba ni mamoja. Mpasho unamwimba jirani mbele za watu naye hana pa kuweka uso. Shaibu alikuwa akikuna, hakuwa akichubua. Ndiyo sababu mtu aliyekwisha kumsikia mara moja hakumwacha. Kule Mkwaja yuko Bi Tausi. Alikuja kwenye maonesho yetu akiwa tumboni mwa mamake, akaja tena amembeba mwanawe, na mwaka ule wa mwisho kabla ya ugonjwa alikuja na mjukuu, na paka wa nyumbani kwao anaitwa Shaibu. Mtu hampi paka wake jina la mtu anayemcheka. Humpa la mtu anayecheka naye.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Bi Saumu wa Ushongo. Mumewe aliondoka asubuhi moja bila kuaga, akapotelea asikojulikana, naye akatunga wimbo ambao pwani nzima iliulilia:

*Nimekaa mlangoni, ajaye ni upepo tu,*
*Taa ninawasha ndani, haijamuona mtu.*

Shaibu akausikia mara moja, akaja nao siku ya mazoezi hivi:

*Nimekaa na sahani, ajaye ni paka wetu,*
*Nguru yumo matumboni, mwiba ndio fungu letu.*

Bi Mgeni alicheka mpaka akakalia mkasi. Wapiga ala waliacha ala. Na Shaibu akauwekea kituo chake. Baada ya neno "mwiba" husimama kimya, kimya kabisa, mkono wa kulia ukatoka taratibu chini ya leso kama mguu wa paka, ukanyapia sahani isiyokuwepo, ukakwapua, ukarudi haraka, halafu anajipangusa masharubu kama hakuna kilichotokea. Tulijua tumepata wimbo ambao hatujapata mfano wake.

Tukavuka Pangani kwa pantoni, tukafika Ushongo na dele letu. Bi Saumu alikuwa amekaa mlangoni kweli, anasuka ukili wa mkeka. Tukamwamkia, akaitika, akatukaribisha. Shaibu akamwimbia wote, pamoja na mkono wa paka. Bi Saumu hakucheka. Hakukasirika pia. Alisuka mpaka mwisho wa wimbo, kisha akasema:

"Umeugeuza vizuri, Shaibu. Sauti hukuiharibu hata mahali pamoja. Lakini mlango huu bado naukalia. Siku nikiondoka nitakwambia."

"Hewala, dada yangu," Shaibu akasema. Akammiminia kikombe cha pili.

Tulipokuwa tukirudi kwenye pantoni, Juma, mpiga kinanda wetu wa wakati ule, akaanza kunung'unika. "Ushongo kwenyewe mbali. Tukiuimba Tanga nani atamwambia?"

Shaibu akamuuliza, "Kwani wimbo wa nani?"

"Wa Bi Saumu."

"Haya, umeshajijibu. Nishikie dele, mkono umechoka."

Wimbo ukalala. Miaka mingi. Watu walikuwa wamesikia uvumi kwamba kuna wimbo wa paka, wakawa wanauomba, na Shaibu anawaambia kahawa yake haijanywewa. Hawakuudhika. Walikuwa wakimpenda zaidi kwa wimbo asiouimba, sijui kama hilo mnalielewa.

Halafu alasiri moja tuko Pangani, onesho la kina mama, watu wanapanda kutuza, namwona Bi Saumu anakuja na leso yake mpya kifuani. Akasimama mbele ya Shaibu, kinanda kikanyamaza.

"Shaibu, mume wangu amerudi."

"Alhamdulillahi."

"Karudi na mke mwingine, na meno ya mbele hana. Anadai nguru wa kupaka naye hana cha kumtafunia. Mlangoni mimi nimeshatoka. Haya, mlete huyo paka wako!"

Jamani. Uwanja ule ulivunjika. Shaibu akauimba bila mazoezi na hakukosa neno, na alipofika kwenye kituo, Bi Saumu mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza, mkono kiunoni, machozi yanamtoka. Mungu amrehemu. Tangu siku hiyo wimbo wa paka ndio uliokuwa wa kufungia kila onesho, na katika ule ukimya kabla mkono haujatoka, hata watoto wachanga walikuwa wakinyamaza.

Watu wanasema wapenzi wa Shaibu walikuwa Waswahili wa mjini tu. Uongo. Nendeni Pongwe. Pale kwenye kambi za mkonge kulikuwa na watu wa Upare, wa Usambaa, wa kila mlima, Walutheri na Wakatoliki, na siku ya kwanza tulipopiga hapo hawakucheka hata mmoja. Si kwa ubaya. Hawakuzijua nyimbo zinazogeuzwa, na usipomjua mzazi huwezi kucheka mtoto alivyofanana naye. Shaibu akarudi nyumbani. Jumapili iliyofuata akanichukua, tukaenda kusimama chini ya dirisha la kanisa lao, tukasikia kwaya. Mwenye kutunga na kuongoza alikuwa mama mmoja kutoka Upare, mkata mkonge, Mama Eliakunda. Alikuwa na wimbo wa mavuno, wa mtu anayeleta sadaka yake madhabahuni kwa shukrani.

Shaibu akaufanya wa mtu anayeleta jogoo wa mavuno, jogoo akamponyoka, akamkimbiza kambi nzima mpaka barabarani, na kila anayemuuliza njia anamwambia, "Kapita hapa, na ameshukuru."

Tukapeleka kahawa. Mama Eliakunda alishangaa kuwaona Waislamu wawili na dele mlangoni pake.

"Mmepotea?"

"Hatujapotea, mama," Shaibu akasema. "Tumekuja na jogoo wako."

Alicheka akajishika ukutani. Akamwita mchungaji aje asikie, mchungaji akasema hata mwaka uliopita ilitokea, ila alikuwa bata. Tangu hapo Mama Eliakunda hakukosa onesho. Anakuja na mkungu wa ndizi kichwani, anakaa benchi la mbele, na kwaya nzima nyuma yake. Alipofiwa na mumewe, Shaibu alikwenda akakaa msibani kutwa, siku zote, anapokea pole kama ndugu. Siku ya kuondoa msiba, Mama Eliakunda alitoka uani akamwambia, "Baba Kibwebwe, kulia nimelia. Sasa nipe jogoo wangu." Akaimba pale pale uani, bila kinanda, bila leso, na wafiwa walicheka huku wamevaa nyeusi.

Bi Mgeni alipozeeka akaniita kwake, akalivuta sanduku kwa mguu mpaka mbele yangu. "Lako. Ukizeeka mpe anayejua kupeleka kahawa." Hakusema anayejua kushona. Sikiliza hilo, Zuberi.

Sasa nije kwenu.

Kiharusi kilimshika Shaibu asubuhi, anafunga vifungo vya shati. Mkono wa kushoto ukalala, mdomo ukavutwa upande, maneno yakawa yanatoka mazito kama uji uliokosa maji. Wewe Zuberi ukashika kikundi. Sikukataa, kikundi lazima kiwe na kiongozi. Mkaanza kuimba nyimbo za Shaibu bila yeye, nikasema sawa, ni wanawe. Mkaanza kugeuza nyimbo za watu wengine bila kwenda kwao. Nikakwambia, "Zuberi, kahawa?" Ukanijibu kwa upole, maana adabu ya mdomoni unayo: "Bibi, siku hizi wimbo uko kwenye simu ya kila mtu. Utampelekea nani kahawa?" Nikarudi kwenye bandi yangu.

Ikaja Idi. Ukanijia nyumbani, shikamoo nyingi. "Bibi, tunataka kumuenzi Mzee. Idi Pili, alasiri, wapenzi wake wote waje. Atakaa tu kwenye kiti kizuri, tumwimbie." Nilifurahi. Naam, nilifurahi. Ukaniambia, "Na ile kanzu ya bandi itoe, aishike mkononi, watu waione." Nikaitoa sandukuni, nikaifua, nikaipiga pasi, na kwa mazoea tu nikaipiga bandi mpya, nikakukabidhi. Mazoezi mlikuwa mnafanyia Chumbageni, nami sikuitwa.

Watu walikuja. Bi Tausi kutoka Mkwaja na wajukuu. Kwaya ya Pongwe, waliobaki. Mama Eliakunda anatembea kwa fimbo, na ndizi zake kabeba mjukuu. Mwajuma, binti yake Shaibu, alimvika babake kofia mpya ya kutarizi. Mlipomkalisha jukwaani kwenye kiti cha mahameli, ukumbi ulipiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia. Shaibu akainua mkono wa kulia. Uso mkavu vilevile.

Kisha ukapiga kinanda cha paka, na kutoka nyuma ya pazia akatokea Kasimu.

Kavaa kanzu yangu. Mkono wa kushoto kauninginiza kama tambara. Mdomo kauvuta upande. Mate, Kasimu, na mate uliyaweka! Ukaanza, "Ni-ni-nimekaa na sa-sa-sahani," unayumba, unajigonga kwenye kiti cha Mzee, na Mzee yupo, hatua moja kutoka kwako, anakutazama. Halafu ukavuta uzi kwapani. Bandi yangu ikashuka kama maji. Chini kulikuwa na nepi ya mtu mzima.

Nimesikia vicheko vya kila aina katika kazi hii. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba ukimya nao una sauti. Watoto wawili watatu wa mbele walicheka, mama zao wakawafinya. Basi. Ukumbi mzima, watu waliokuwa wamecheka na mtu yule maisha yao yote, wamekaa kama wamemwagiwa maji. Nilimtazama Shaibu. Hakuinamisha kichwa. Alikuwa akitazama mabenchi, kama alivyokuwa akimtazama mwenye wimbo mkekani, anasubiri kuona.

Na wewe Zuberi ukachukua kipaza sauti, Mungu akusamehe, ukasema, "Mbona mmenuna? Chekeni basi, ni mzaha!"

Ndipo sauti ya Mama Eliakunda ikatoka benchi la mbele, nzito, ya kuongoza kwaya:

"Kahawa imenywewa?"

Ukageuka kumtazama Kasimu.

"Nakuuliza, kijana! Mwenye mdomo huo ni huyo hapo. Kahawa imenywewa?"

Bi Tausi akadakia, "Imenywewa?" Ukumbi ukalipuka, kahawa, kahawa, wanapiga mabenchi kwa viganja. Kasimu akakimbilia pazia amejishikilia nepi. Mama Eliakunda akapanda jukwaani kwa fimbo yake, ngazi kwa ngazi, hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akavua leso yake, akamfunga Shaibu kiunoni palepale kitini, fundo pembeni, akasimama nyuma yake na kuanza, "Nimekaa na sahani," kwa sauti ya kanisa kabisa. Ukumbi ukapokea. Hawakukuhitaji wewe wala kinanda chako. Walikuwa na wimbo wote, kila neno.

Walipofika kwenye "mwiba" wakakata. Wote. Kimya.

Na mkono wa kulia wa Shaibu ukatoka taratibu chini ya leso.

Ukanyapia. Ukakwapua. Akajipangusa masharubu.

Hicho kicheko mlikisikia. Hicho ndicho kicheko. Hamjapata kukisikia kwenye kitu chochote mlichokifanya, na hamtakipata kwa nepi.

Mimi nikapanda nyuma ya pazia, nikaichukua kanzu yangu sakafuni, nikaikunja, nikatoka. Ndiko kustaafu kwangu huko, Zuberi. Kesho yake ukaandika kwenye kundi kwamba wazee wamewaharibia onesho. Halafu ndio unaomba sanduku.

Sasa sikieni kinachoniuma, maana si hicho mnachodhani.

Siku ya tatu yake nilikwenda na uji kwa Shaibu, Makorora, anakokaa kwa Mwajuma. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta amevunjika. Nikamkuta amekaa, ananisubiri, ana neno. Lilimchukua muda kulitoa.

"Kasimu... mdomo... kauvuta kushoto." Akajigusa. "Wangu... kulia."

Nikadhani sikusikia. Akarudia, amekasirika kama fundi aliyeletewa shati limeshonwa mkono mmoja mrefu.

"Na kigugumizi... sina. Nina... uzito. Mwambie aje... nimfunze."

Kisha mdomo wake ule uliopinda ukapinda zaidi, mabega yakatikisika, na mtu ambaye sikupata kumwona akicheka jukwaani akacheka jikoni kwa bintiye mpaka Mwajuma akaja na kitambaa.

Mmeelewa? Angecheka! Mngekuja na dele, mkakaa mkekani, Kasimu akamwimbia usoni, angecheka, angewanyooshea mdomo ukae upande wake, angewapa ubeti mwingine mkali kuliko wenu wote, na siku ya Idi Mama Eliakunda angeuliza, na nyinyi mngejibu, na ukumbi ungemcheka Shaibu kwa ruhusa ya Shaibu, kama alivyotaka tangu alipopata ugonjwa ule. Mlikuwa na kitu hicho mkononi. Mkakitupa kwa uvivu wa kwenda Makorora alasiri moja. Ndiyo hasira yangu. Ningekuwa na hasira ndogo kama mngekuwa wabaya tu.

Sanduku basi. Liko chumbani kwangu, limefungwa, kanzu imeshapigwa bandi mpya. Si mali ya kikundi. Ni la atakayemwimbia Shaibu akacheka. Akicheka, mimi mwenyewe nitamwita Asha tulibebe tuwaletee. Asipocheka, mtakunywa kahawa, mtamuuliza hali ya Mwajuma, mtaaga.

Anawangoja. Kila baada ya swala ya alasiri anamwambia Mwajuma amvike kofia, amtolee kiti mlangoni. Nikimuuliza anakwenda wapi, ananionesha kwa kidevu njia mtakayojia. Jana nilipopita nilimkuta anaimba, pole pole, neno moja moja. Nikasimama nisikie paka. Hakuwa paka. Alikuwa anaimba ule wa Bi Saumu wenyewe, nimekaa mlangoni, ajaye ni upepo tu.

Nimefanya kazi na mtu huyu tangu ujana wangu. Sijapata hata siku moja kumsikia akiimba wimbo bila kuugeuza.

Mlango uko wazi. Halua mnajua inauzwa wapi.